Askari Mnyonge: Historia ya Mvuto wa Mchezo Mmoja wa Vita

Binadamu ana desturi ya kukichezea kitu akiogopacho. Mtoto aliyesikia habari za simba huwa simba mbele ya wenzake, na taifa lililotoka vitani halikawii kuvigeuza vita kuwa mchezo. Sataranji ina mfalme, ina farasi, na ina askari wa miguu wanaotolewa mhanga kwanza. Bao la pwani yetu lina kete za kutekwa na nyumba ya kulindwa. Ngoma ya beni, iliyochipuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara, ilikuwa na tarumbeta, gwaride na vyeo vya majemadari. Ilichezwa na askari waliorudi vitani, na ilichezwa pia na watu ambao hawakupata kushika bunduki maishani mwao. Kwa hivi, mtu akiuliza kwa nini vijana wa leo hukesha mbele ya kioo cha kompyuta wakipigana vita visivyokuwapo, swali lake si geni. Kigeni ni chombo tu. Haja ni ile ile ya zamani.

Walakini, kila chombo huikata haja kwa namna yake, kama kila kisu kikatavyo nyama kwa makali yake. Insha hii inashughulika na chombo kimoja tu, nacho ni mchezo wa kompyuta ulioitwa Operation Flashpoint: Cold War Crisis, uliotolewa mwaka 2001. Tutatafuta sababu ya mvuto wake. Utafutaji huu una ugumu, kwa kuwa mchezo huu haukufuata njia ambayo michezo ya namna yake iliifuata ili ipendwe. Haukumpa mchezaji nguvu bali ulimnyang'anya. Haukumfanya shujaa bali ulimfanya mtu mdogo katika jambo kubwa. Na juu ya hayo, ulipendwa. Nakala zake zilizouzwa zilipita milioni moja. Yamkini msomaji atasema kwamba mchezo wa vijana si jambo la kuandikiwa historia. Lakini mwanahistoria asiyeona haya kuandika habari za ngoma na nyimbo hana sababu ya kuona haya mbele ya mchezo. Mahali watu wanapotumia saa zao nyingi kwa hiari, hapo pana habari zao.

Kwanza tuitazame nasaba. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi lake mchezo uliochezwa juu ya ramani, kwa vibao vidogo vilivyosimama badala ya vikosi, kwa dadu zilizoamua hasara, na kwa mwamuzi aliyekaa katikati ya pande mbili. Mchezo ule ulipokewa jeshini, na tangu siku hizo vita na mchezo vimekuwa vikiazimana vyombo kama majirani wawili. Mashine za umeme zilipokuja, uazimaji ule ulizidi. Mwaka 1980 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa Battlezone, ambao ndani yake mchezaji aliutazama uwanja kana kwamba amekaa katika kifaru. Haukupita muda mrefu, jeshi la Marekani likatengenezewa namna yake ya kufundishia wapiga mizinga. Mwaka 1992 Wolfenstein 3D, na mwaka 1993 Doom, ilisimamisha desturi mpya: mchezaji hauoni mwili wake, huiona mikono tu na bunduki iliyo mbele yake, na jicho la anayecheza huwa ndilo jicho la anayepigana. Mwaka 1999 mchezo wa Medal of Honor, ambao wazo lake lilitoka kwa Steven Spielberg aliyekuwa ametoa filamu ya Saving Private Ryan mwaka mmoja kabla, uliipeleka desturi ile katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Aghalabu michezo hii ilikuwa na tabia moja. Mpiganaji wake hupigwa risasi kadhaa, akaokota sanduku la dawa, akapona papo hapo na kuendelea na safari. Adui ni wengi, lakini wamewekwa ili waanguke. Njia ni nyembamba kama ujia kati ya nyumba mbili: mchezaji hawezi kupotea, kwa kuwa hakuna mahali pa kupotelea. Ulimwengu wote umejengwa ili umngoje yeye afike, na asipofika hakuna linalotokea. Hii ni hadithi ya shujaa wa ngano, nayo ni hadithi tamu. Utamu wake umejaribiwa tangu zamani. Basi mchezo uliotaka kuivunja hadithi hii ulihitaji watu wenye sababu ya kuitilia shaka.

Mchezo wetu ulitengenezwa Prague. Kampuni ya Bohemia Interactive ilianzishwa huko mwaka 1999 na ndugu wawili, Marek Španěl na Ondřej Španěl, pamoja na wenzao. Mmoja wa mizizi ya kazi yao ni mchezo wa Gravon, uliotolewa mwaka 1995 kwa kompyuta ya Atari Falcon. Nchi yao ilikuwa imeyaona mengi. Mwezi wa Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliingia Chekoslovakia, na askari wa Kisovieti wakakaa huko mpaka mwaka 1991. Utawala wa chama kimoja ulianguka mwaka 1989, na tarehe 1 Januari 1993 nchi yenyewe ikagawanyika kuwa mbili. Hatusemi kwamba historia hiyo ndiyo iliyouandika mchezo, kwa kuwa programu huandikwa na watu na si na historia. Lakini katika nchi ambayo vifaru vya wageni vilipita barabarani, mtu hujua jambo ambalo mshairi wa ushujaa hulisahau kwa urahisi: kwamba watu wengi katika vita si wale wanaoviendesha, bali ni wale wanaopitiwa navyo.

Mchezo ulitolewa na kampuni ya Codemasters ya Uingereza mwezi wa Juni 2001. Habari zake zimewekwa katika mwaka 1985, mwanzoni mwa utawala wa Mikhail Gorbachev. Jenerali mmoja wa kubuniwa, Aleksei Guba, anayeyachukia mabadiliko ya Moscow, anavishambulia visiwa vya bahari ya Atlantiki, na majeshi ya Marekani yanatumwa kumzuia. Visiwa ni vitatu: Everon, Malden na Kolgujev. Navyo ni vya kubuniwa, walakini ardhi yake iliigwa kutoka kwa visiwa vya kweli. Everon iliigwa kutoka Krk ya Kroatia, Malden kutoka Lefkada ya Ugiriki, na Kolgujev kutoka Tenerife ya Hispania. Mchezaji huanza akiwa kuruta wa miguu aitwaye David Armstrong. Baadaye husogezwa katika miili ya watu wengine: dereva na kamanda wa kifaru, rubani, na askari mkongwe wa kikosi cha siri. Vita ni vimoja, macho ni manne.

Sasa twende katika mvuto wenyewe. Mimi nauona katika mambo manne.

Jambo la kwanza ni risasi. Katika mchezo huu risasi moja iliyolengwa vizuri huua, na risasi isiyoua huweza kumwacha mtu akitambaa, au akitikisika mikono hata asiweze kulenga. Hakuna sanduku la dawa njiani. Mara nyingi mchezaji hufa bila kumwona aliyemuua. Husikia mlio, au hasikii, kisha mchezo humwonyesha mwili wake mwenyewe umelala majanini. Tena, katika kila kazi aliyopewa aliruhusiwa kuhifadhi mahali pake mara moja tu. Aliyetembea nusu saa na kufa kwa uzembe wa dakika moja alilazimika kuirudia nusu saa ile. Mtu akiambiwa hivi hudhani ni adhabu, wala hadhani ni mchezo. Lakini matokeo yake yalikuwa ya ajabu: kila kichaka kilipata maana. Mchezaji aliyekuwa amezoea kukimbia alijifunza kulala chini. Aliyezoea kupiga alijifunza kusikiliza. Uhai ulipokuwa rahisi kupotea, ulipata thamani. Na hili ni jambo ambalo wahenga hawakuhitaji kompyuta ili walijue.

Jambo la pili ni umbali. Kila kisiwa kilikaa katika ramani yenye upana wa karibu kilomita 13, na mchezaji aliweza kwenda popote, kwa miguu, kwa lori, kwa kifaru au kwa helikopta. Hapakuwa na ukuta wa kumwambia kwamba njia ni hii. Kwa hivi sehemu kubwa ya mchezo haikuwa kupigana. Ilikuwa kutembea, kusoma ramani, kutazama dira, kupanda kilima na kuona bonde tupu. Adui aliweza kuwa nukta mbili tatu ukingoni mwa msitu, mbali hata mchezaji asijue kama ni watu au ni miti. Kuna kazi moja inayokumbukwa na wengi waliocheza, ifuatayo baada ya shambulio lililoshindwa katika mji wa Montignac. Armstrong amebaki peke yake. Wenzake wameuawa au wametawanyika. Yampasa kuvuka misitu mpaka mahali pa kuokolewa, huku adui wakimsaka. Hakuna ushindi wa kutafutwa hapo, ila kufika. Wapo watu ambao wamesahau vita vyote walivyoshinda katika michezo mingine, nao hawajasahau matembezi yale.

Jambo la tatu ni udogo. Kuruta Armstrong haamrishi mtu, huamrishwa. Husikia sauti ya mkubwa wake ikimwambia aende wapi na atazame wapi, na mara nyingi hajui kwa nini. Vita vinaendelea upande wa pili wa kilima bila ya yeye. Helikopta hupita juu yake ikienda kufanya kazi isiyomhusu. Akifa, wenzake huweza kuendelea kupigana hata dakika kadhaa, kana kwamba hakupata kuwako. Mtu atadhani kwamba hakuna apendaye kufanywa mdogo namna hii. Lakini fikiri: ulimwengu unaokungoja wewe tu ni ulimwengu wa uongo, na moyo hulijua hilo hata macho yakifurahi. Ulimwengu usiokungoja una uzito. Mchezaji alipata raha ambayo mashujaa wa ngano hawaipati, raha ya kuwa mahali fulani kweli. Na alipopandishwa cheo, akapewa kikosi chake mwenyewe, alijua kutoka chini maana ya amri, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kuamrishwa.

Jambo la nne ni kalamu. Watengenezaji walikitia ndani ya mchezo chombo cha kutungia kazi mpya, rahisi hata mtu asiye fundi aliweza kukitumia. Aliweka kikosi hapa na kifaru pale, akaandika habari ya sababu yao, kisha akaingia mwenyewe katika hadithi yake ili aone itakwendaje. Kwa kuwa askari wa kompyuta walikuwa na namna yao ya kuamua, hadithi haikwenda mara mbili njia moja. Watunzi wakazidi kuwa wengi, wakapeana kazi zao, wakaongeza silaha, visiwa na nyakati nyingine za historia. Hivyo mchezo ulidumu kwa sababu haukukamilika. Kitabu kilichofungwa husomwa kikaisha. Kitabu chenye kurasa nyeupe mwishoni huendelea mpaka wino uishe.

Hayo ndiyo mambo manne. Yote hukusanyika katika neno moja, nalo ni unyonge. Mchezo huu ulimvuta mtu kwa kumwonyesha unyonge wake, na kwa kumwachia aupite kwa akili, kwa subira, na kwa kuwategemea wenzake. Lakini hapa yatupasa tusimame, kwa kuwa sifa ikipita kipimo huwa uongo.

Watu waliuita mchezo huu wa kweli. Neno hili ni la kutiliwa shaka. Ukweli wa risasi si ukweli wa vita. Ndani ya mchezo mtu hafi kwa kuhara wala kwa homa. Hakuna njaa ya siku tatu, hakuna mama anayepokea barua, hakuna mwaka wa kumi baada ya vita ambao mtu huamka usiku akipiga kelele. Wenyeji wa visiwa ni wachache mno. Nyumba zipo, mashamba yapo, barabara zipo, lakini wenye nyumba hawaonekani, kama kwamba nchi ilijengwa ili ipiganiwe. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuliona pengo hili. Vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 katika nchi zetu vilichukuliwa vichwani mwa wapagazi kabla ya kupigwa kwa bunduki. Waliochukuliwa kubeba mizigo walikuwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu miongoni mwao walikufa kwa maradhi, uchovu na njaa. Jina lao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Mchezo unaotazama kwa jicho la mwenye bunduki hauwezi kumwona mwenye mzigo. Si kosa la mchezo huu peke yake. Ni kasoro ya jicho lenyewe lililochaguliwa. Lakini msomi anayesema neno la kweli na aulize kwanza: kweli ya nani?

Kwa haki yao, watengenezaji walilikaribia swali hili mwaka uliofuata. Mwaka 2002 walitoa nyongeza iliyoitwa Resistance, ambayo habari zake ni za kisiwa cha Nogova mwaka 1982. Mtu wake mkuu, Victor Troska, alikuwa askari zamani, naye ameiacha kazi hiyo akataka kuishi kwa amani. Wanajeshi wa Kisovieti wanapoingia kisiwani, jirani zake wanamtaka awaongoze, na mchezaji huachiwa achague kama atasimama nao au atawasaliti. Wapiganaji wake si jeshi. Silaha walizoziteka leo ndizo watakazopigania kesho, na mtu aliyekufa katika kazi moja hapatikani kwa urahisi katika nyingine. Hapa unyonge si wa askari tena bali ni wa raia aliyelazimishwa kuwa askari. Mtu anayeijua historia ya nchi ya watengenezaji hatahitaji kufafanuliwa.

Sasa tuje katika sehemu ya historia hii yenye uzito zaidi. Majeshi yaliutazama mchezo huu yakaona kitu cha manufaa. Haikuwa mara ya kwanza; katikati ya miaka ya 1990 kikosi cha wanamaji wa nchi kavu wa Marekani kilikuwa kimeigeuza Doom II kuwa mazoezi ya askari wanne wanne. Lakini Doom ilikuwa ya mashetani na mapango. Operation Flashpoint ilikuwa na ardhi, umbali na amri. Kutokana nayo ilitengenezwa programu ya mafunzo iliyoitwa VBS1, ambayo ilitumiwa na wanajeshi wa Marekani na wa Australia. Tena, wakati wa vita vya Iraki, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani uligharimia mafunzo yaliyoitwa DARWARS Ambush!, yaliyojengwa juu ya mchezo huu huu, ili askari wa misafara ya malori wajifunze kuvizia na kuviziwa. Na tarehe 4 Julai 2002 jeshi la Marekani lilitoa mchezo wake lenyewe, America's Army, bure kwa kila aliyeutaka, kwa kusudi la kuwavuta vijana waingie jeshini. Mchezo huo ulidumu mpaka mwaka 2022, ulipofungwa.

Hapa pana fumbo la kufikiriwa. Kitu kilichowavuta raia kwa kuwaonyesha kwamba vita ni hatari na kwamba askari ni mnyonge, ndicho kilichowafaa makamanda wa kuwapeleka askari vitani. Je, mchezo ulifundisha hofu au ulifundisha kazi? Nasema ulifundisha vyote viwili, kwa kuwa hofu ni mwalimu asiyechagua mwanafunzi. Raia akijifunza kwamba risasi moja huua, huenda akaichukia risasi. Askari akijifunza hilo hilo, hujifunza kulala chini, kisha hujifunza kumpiga mwenziwe kabla hajapigwa. Maarifa ni yale yale. Mahali pa kutumia ndipo palipobadilika. Kwa hivi wanaosema kwamba michezo ya namna hii ni mahubiri ya amani wanasema nusu, na wanaosema kwamba ni shule ya mauaji wanasema nusu nyingine. Chombo hakina kauli. Kauli ni ya mkono ulioshika.

Kuna hatari nyingine iliyojitokeza baadaye, nayo inawahusu wanahistoria zaidi ya watu wote. Baada ya kutengana na Codemasters, waliobaki na jina la Operation Flashpoint, watu wa Prague waliendelea na kazi yao kwa jina la Arma, kuanzia mwaka 2006. Mchezo wao wa kwanza waliutoa tena mwaka 2011 kwa jina la Arma: Cold War Assault. Kadiri picha zilivyozidi kufanana na kweli, ndivyo kweli ilivyozidi kupotea ndani yake. Mwaka 2011 televisheni ya ITV ya Uingereza ilionyesha, katika makala ya historia juu ya Libya na jeshi la siri la IRA, picha za helikopta ikipigwa, zikitolewa kama filamu ya wapiganaji wenyewe ya mwaka 1988. Kumbe zilikuwa picha za mchezo wa Arma 2. Mwaka 2012 wafanyakazi wawili wa kampuni ile walikamatwa katika kisiwa cha Lemnos cha Ugiriki na kushtakiwa kwa ujasusi, wakati ambapo kampuni ilikuwa ikitengeneza mchezo wenye kisiwa kilichoigwa kutoka Lemnos; wenyewe walisema walikuwa mapumzikoni, nao walikaa kizuizini mpaka Januari 2013. Na mwaka 2022, vita vilipokuwa vikiendelea Ukraine, kampuni ililazimika kutoa tangazo la kuwafundisha watu namna ya kutambua picha za Arma 3 zilizokuwa zikisambazwa kama picha za vita hivyo.

Mambo haya matatu yana fundisho moja. Zamani mwanahistoria alihofia hati ya kughushiwa, akaitazama karatasi, wino na mwandiko. Leo yampasa kuhofia picha ambayo hakuna aliyeighushi: ilitengenezwa kwa uaminifu kama mchezo, na mtu mwingine akaihamisha mahali. Uongo wake haumo katika picha bali katika maneno yaliyowekwa chini yake. Mwanafunzi wa historia asiyejua michezo ya kizazi chake ataweza siku moja kuuandika mchezo kuwa vita, na akiisha kuuandika, wengine watamnukuu.

Lililobaki ni uzao wa mchezo huu, ambao umefika mpaka kwetu. Mwaka 2012 Dean Hall wa Nyuzilandi, aliyepata kuwa askari, aliugeuza Arma 2 kuwa DayZ, ambamo watu wanatangatanga katika nchi iliyoharibika wakitafuta chakula na maji, wakiogopana kuliko wanavyoogopa wafu wanaotembea. Brendan Greene wa Ayalandi akatoa kutoka humo mchezo wa wengi wanaoangushwa mahali pamoja mpaka abaki mmoja. Na mwaka 2017 ukatoka PUBG, ambao mwaka 2018 uliingia katika simu. Kijana wa Nairobi au wa Dar es Salaam anayecheza PUBG kwa simu yake anashika, pasipo kujua, mjukuu wa Operation Flashpoint. Umbali upo bado, dira ipo, na hofu ya mtu aliyejificha majanini ipo. Lakini kitu kimoja kimeondoka. Armstrong alikuwa na wenzake, na alipowapoteza msituni upweke wake ulikuwa msiba. Katika mchezo wa mjukuu upweke ndio ushindi. Anayebaki peke yake ndiye anayepongezwa. Mimi siwezi kuamini kwamba badiliko hili halina maana. Babu alisema kwamba mtu mmoja ni mdogo. Mjukuu anasema kwamba mtu mmoja anatosha, maadamu wengine wote wameanguka.

Mwaka 2022 Bohemia Interactive walitoa mchezo mpya, Arma Reforger, nao waliurudisha uwanja wake katika kisiwa cha Everon. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita, na watu walikuwa na njaa ya kuviona tena vilima vile vile. Mtu hurudi mahali alipofurahi. Lakini mara nyingi zaidi hurudi mahali alipoogopa akatoka salama, na penginepo hapo ndipo mizizi ya mvuto huu ilipo. Mchezo wa vita hauwezi kumwambia mtu vita ni nini, na anayedhani amevijua kwa mchezo ni mjinga kuliko asiyepata kucheza. Unaweza, hata hivyo, kumwambia jambo moja dogo lililo kweli: kwamba mwili wake hauzuii risasi, kwamba kilima ni kirefu, na kwamba wenzake ni wachache. Mtu aliyeambiwa hivyo na mchezo akaamini, kisha akasikia kiongozi akisifia vita kwa maneno mepesi, ana haki ya kuuliza ni nani atakayetembea kilima hicho, na ni nani atakayebeba mzigo.